Waifai Itoke Nje ya Ukuta: Kufikisha Intaneti ya Nyumbani Getini na Kwenye Banda la Kuku

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Kakamega kuhusu matumizi ya intaneti ya nyumbani kwa vifaa vilivyo nje ya nyumba.



Kiswahili kina neno wifi, dada ya mume. Mazungumzo ya leo ni ya waifai, ile inayoleta intaneti kwenye simu bila waya. Hata hivyo wawili hawa wanafanana kwa jambo moja: wakinuna, boma zima hujua.

Zamani waifai ilikuwa ya simu na kompyuta ya sebuleni. Leo imeitwa nje. Kuna kamera ya getini inayomwonyesha mwenye boma aliyebisha hodi hata akiwa Nairobi. Kuna pampu ya kisima inayowashwa kwa simu, kipimo kinachosema tanki limebakisha maji kiasi gani, taa za ua, na vipimajoto vya mabanda ya kuku. Vifaa hivi huitwa erevu. Lakini werevu wao wote unategemea jambo moja, nalo ni mawimbi ya ruta kutoka ndani ya nyumba na kuwafikia walipo.

Chukua mfano wa boma moja kule Malava. Mama mwenye boma amekopa pesa za chama, akanunua vifaranga 200. Banda lake liko mita 30 nyuma ya nyumba. Ndani ya banda kuna taa ya joto, na kando yake kipimajoto kidogo kinachotakiwa kutuma ujumbe kwenye simu joto likishuka. Kifaranga katika wiki yake ya kwanza huhitaji joto la nyuzi kati ya 32 na 35 za Selsiasi. Usiku wa manane mvua inanyesha, taa inaungua. Kipimajoto kinaona joto likishuka, kinajaribu kutuma ujumbe, lakini hakipati mtandao. Asubuhi vifaranga wamerundikana kwenye kona moja, na wengi wao wamekufa. Simu iko kando ya kitanda, ina chaji tele, na haikulia hata mara moja.

Mama huyo amelipia intaneti yake. Sebuleni video inacheza bila kukwama. Kilichomwangusha ni mita 30 za mwisho, na hizo ziko mikononi mwake.

Kwa nini ukuta huzuia

Waifai ni mawimbi ya redio. Hewani husafiri vizuri, ingawa hupungua nguvu kadiri yanavyokwenda mbali: umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayobaki huwa robo. Yakikuta ukuta, sehemu hurudishwa, sehemu humezwa, na kinachobaki ndicho kinachotoka upande wa pili.

Zipo nyumba Kakamega zilizojengwa kwa matofali ya kuchoma au mawe, zikapigwa plasta ndani na nje. Ni nyumba imara, zenye ubaridi mchana na joto usiku. Kwa waifai, ukuta kama huo unaweza kuchukua nusu ya nguvu au zaidi. Ruta ikiwa chumba cha mbele na banda liko nyuma, mawimbi huvuka labda kuta nne. Ikiwa kila ukuta unachukua nusu tu, baada ya ukuta wa kwanza inabaki nusu, wa pili robo, wa tatu sehemu moja ya nane, na wa nne sehemu moja ya kumi na sita. Zege lenye vyuma ndani hupunguza zaidi ya matofali.

Mabati ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1836 mwanasayansi wa Uingereza Michael Faraday alionyesha kwamba chumba kilichozungushiwa chuma hukinga kilichomo ndani dhidi ya umeme wa nje. Banda lenye kuta za mabati na paa la mabati linakaribia kuwa chumba kama hicho. Mawimbi huingia kupitia mlango, dirisha na mianya, basi. Ndiyo maana kipimajoto kinaweza kukosa mtandao ndani ya banda ilhali simu iliyoshikwa mlangoni inaupata.

Maji pia humeza mawimbi haya. Tanki lililojaa likiwa katikati ya ruta na geti ni ukuta mwingine. Migomba, miparachichi na shamba la miwa lililokomaa hufanya hivyohivyo, hasa majani yakiwa yamelowa. Mkazi wa Mumias aliyefunga kamera miwa ikiwa changa asishangae ikianza kukatika miwa inapomzidi kimo.

Pima kwanza, nunua baadaye

Kosa la kawaida ni kukimbilia dukani kununua ruta kubwa zaidi. Waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta ikipaza sauti, kamera husikia, lakini kamera nayo lazima ijibu, na sauti ya kamera haijaongezeka. Ruta yenye nguvu mbele ya kifaa chenye sauti ndogo ni kama mtu anayemwita jirani kwa kipaza sauti huku jirani akimjibu kwa kunong'ona.

Afadhali kuanza kwa kupima. Zipo programu za bure za simu zinazoonyesha nguvu ya waifai kwa kipimo cha desibeli, kwa tarakimu zenye alama ya kutoa. Karibu na -50 ni nguvu nzuri sana. Kufikia -67 bado video hupita vizuri. Kufikia -80, kifaa hushika na kuachia. Kila tarakimu 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu iliyokuwapo.

Kipimo kifanywe pale pale kifaa kitakapokaa, kwa kimo kilekile, milango ikiwa imefungwa kama inavyofungwa usiku. Kirudiwe jioni watu wote wakiwa nyumbani na simu zao, na kirudiwe tena baada ya mvua. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi. Bila karatasi hiyo, hakuna atakayejua kama pesa itakayotumika baadaye imeleta mabadiliko.

Dawa zisizo na gharama

Ya kwanza ni kuhamisha ruta. Katika nyumba nyingi ruta iko mahali ambapo fundi aliyeileta aliona ni rahisi kwake: nyuma ya televisheni, chini ya meza, au ndani ya kabati la vyombo. Ipandishwe juu, iwekwe mahali pa wazi, karibu na dirisha linalotazama upande wa banda au geti. Kioo cha kawaida huzuia kidogo kuliko matofali. Hata mwelekeo una maana. Mawimbi yakipita ukuta mshazari sana, ukuta wa sentimita 20 unaweza kuwa kama wa sentimita 40 kwa sababu njia ndani yake ni ndefu zaidi. Ruta ikitazamana na dirisha moja kwa moja, hasara hiyo inaondoka.

Ya pili ni kuchagua masafa. Ruta nyingi za siku hizi hutoa waifai ya aina mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ile ya 5 ina kasi, lakini huchoka upesi kwenye kuta. Ile ya 2.4 ina kasi ndogo lakini hupenya vizuri zaidi na kufika mbali. Kipimajoto hakihitaji kasi, kinahitaji kufikiwa. Isitoshe, vifaa vingi vya nje vya bei nafuu hutumia 2.4 pekee. Mtu akiona kamera mpya inakataa kuunganishwa, mara nyingi ni kwa sababu simu yake iko kwenye ile ya 5. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuzipa waifai hizo mbili majina tofauti, kisha vifaa vya nje viunganishwe na ile ya 2.4.

Ya tatu ni kwa wanaoishi karibu karibu, kama vile mjini Kakamega au Mumias mjini. Ruta za majirani huingiliana. Katika masafa ya 2.4, chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11. Ikiwa ruta za jirani zimejazana kwenye 6, boma lihamie 1 au 11.

Ya nne ni kusogeza kifaa chenyewe. Kamera ikihamishwa kutoka nyuma ya nguzo ya chuma ya geti hadi ubavuni mwake inaweza kupona papo hapo. Kipimajoto chenye antena ya waya kinaweza kukaa ndani ya banda huku antena ikitolewa nje ya bati.

Zikikosa, weka daraja

Hapa ndipo wengi hununua ripita, kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachopokea waifai na kuitoa upya. Ripita husaidia, lakini huwekwa vibaya. Watu huiweka pale ambapo mtandao umeshakufa, na ripita haiwezi kurudia isichokisikia. Mahali pake ni katikati ya safari, ambapo kipimo bado ni kizuri. Pia, ripita nyingi hupokea na kutuma kwa masafa yaleyale, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu. Kwa kipimajoto si neno. Kwa kamera, kila moja ikitaka takriban megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde kutuma picha safi, ni jambo la kufikiria.

Dawa ya kudumu ni ya zamani kuliko waifai: kebo. Waya wa mtandao unatobolewa tundu moja ukutani na kupelekwa nje hadi kwenye kisambazaji cha waifai kilichotengenezwa kukaa nje, kikafungwa chini ya ukingo wa paa kikitazama banda au geti. Ukuta hauna tena la kuzuia, kwa sababu mawimbi yanaanzia upande wa pili wake.

Mambo ya kuzingatia ni machache. Kebo ya shaba ya mtandao haipaswi kuzidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Iwe ya kukaa nje, yenye ganda linalostahimili jua. Iwe ya shaba tupu. Kuna kebo za alumini zilizopakwa shaba juu ambazo huuzwa rahisi lakini hupoteza umeme njiani na kukatika upesi. Vipo visambazaji vinavyopata umeme wao kupitia kebo hiyohiyo, hivyo hakuna haja ya kuvuta stima hadi ukutani nje. Kebo ikiingia nyumbani, iachwe ining'inie chini kidogo ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yadondoke pale chini badala ya kufuata waya hadi kwenye ruta. Ikizikwa, ipitishwe ndani ya bomba na iwe chini kuliko jembe linavyofika.

Kwa kifaa cha nje chochote, angalia alama ya herufi IP na tarakimu mbili kwenye boksi. Ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni kinga ya maji. IP65 inastahimili vumbi na maji ya kurushwa. Angalia pia kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kama banda au kisima kiko mbali zaidi ya hapo, ng'ambo ya shamba, kuna antena mbili za kutazamana zinazoweza kuvusha mtandao mamia ya mita, mradi hakuna mti wala jengo katikati. Na pengine kisima hicho hakihitaji waifai kabisa. Kifaa chenye laini ya simu kinachotuma ujumbe mfupi kinaweza kuwa rahisi na cha kutegemewa zaidi.

Radi na stima

Kakamega na jirani zake wa magharibi ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi kwa wingi. Kila mkazi anajua mawingu ya alasiri. Kwa hiyo ushauri unaotosha mahali pakavu hautoshi hapa.

Waya wa shaba unaotoka nje na kuingia nyumbani ni njia ambayo nguvu ya radi inaweza kuifuata, hata kama radi yenyewe imepiga mti wa mbali. Kinachoungua kwanza ni ruta, kisha televisheni iliyounganishwa nayo. Kisambazaji kisifungwe juu ya mlingoti mrefu kuliko paa bila sababu. Kebo iwekewe kikinga cha umeme wa ghafla, nacho kiunganishwe na waya wa ardhini ulio sawa. Kazi hiyo si ya kubahatisha: ifanywe na fundi wa stima mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA. Kati ya nyumba na nyumba, faiba ni salama kuliko shaba, kwa sababu uzi wake ni wa kioo na kioo hakipitishi umeme. Faiba hiyo isiwe na waya wa chuma ndani yake. Ni vyema kuchomoa kabla radi haijaanza kunguruma. Na mtu asipande ngazi kurekebisha kamera wakati mvua inakaribia. Kamera hununuliwa nyingine.

Kuhusu stima, mtandao mzuri kuliko wote huzimika taa zikizimika. Ruta hutumia umeme kidogo. Betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ruta inaweza kuiweka hai kwa saa kadhaa. Kisambazaji cha nje nacho kiunganishwe na betri hiyo, la sivyo ruta itakuwa hai lakini banda liko gizani.

Mlango uliofungwa vizuri

Waifai inayofika getini hufika pia barabarani. Nywila iliyokuja na kifaa kutoka dukani ibadilishwe siku hiyohiyo, ya ruta na ya kamera pia. Kamera ambayo nywila yake haikubadilishwa inaweza kutazamwa na mgeni kutoka popote duniani. Ruta nyingi huruhusu mtandao wa pili wa wageni. Vifaa vya nje vikiwekwa huko, hitilafu ya kamera moja haifungui mlango wa simu yenye pesa.

Na kamera itazame geti la mwenye nyumba, si ua wa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu binafsi, na picha ya mtu ni habari yake. Mkazi anayehisi amevunjiwa faragha anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ila kabla ya kufika huko, mazungumzo ya jirani kwa jirani na kugeuza kamera kidogo humaliza mengi.

Kurudi Malava

Yule mama wa vifaranga afanye nini? Ahamishe ruta kutoka nyuma ya televisheni hadi dirisha la nyuma. Aunganishe kipimajoto na waifai ya 2.4, atoe antena nje ya bati. Apime. Kama namba bado ni mbaya, avute kebo moja na kisambazaji kimoja chini ya ukingo wa paa.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Kifaa ambacho kunyamaza kwake kunaweza kuua kisitegemee waifai peke yake. Taa za joto ziwe mbili, ili moja ikiungua ya pili ibaki. Kidhibiti cha joto kiwe mle mle bandani, kikifanya kazi hata intaneti ikipotea. Kama kipimajoto kina mpangilio wa kutoa taarifa kinapopoteza mtandao, uwashwe, ili ukimya wenyewe uwe onyo. Kamera nayo iwe na kadi ya kuhifadhi picha ndani yake. Na jiko la makaa libaki tayari kwa usiku wa stima kupotea, likiwekwa mbali na matandazo na hewa ikipita, maana gesi yake huua kuku na watu.

Kisha afanye jaribio moja ambalo halina gharama: jioni kabla ya kuleta vifaranga, akiwa amefunga milango yote, atoe kipimajoto kwenye joto na kukiacha mahali pa baridi mle bandani. Arudi ndani, aketi kitandani, asubiri simu ilie. Ikilia, alale. Isipolia, vifaranga wasubiri.

Ukuta mnene ni baraka ya nyumba. Hakuna anayeshauriwa kuubomoa. Kazi ni kujua mawimbi yanapita wapi na kuyatafutia njia. Anayeanza leo aanze na karatasi, kalamu, na simu aliyo nayo mkononi.